BIBI INDIRA GANDHI: MWANAMKE WA KWANZA KUIONGOZA INDIA

Miongoni mwa wanawake waliopata kushika hatamu za nchi kubwa katika karne ya 20, hapana shaka Bibi Indira Gandhi wa India ni mmoja wa wale ambao majina yao hayatasahaulika upesi. Aliiongoza nchi hiyo kwa vipindi viwili, tangu mwaka 1966 hadi 1977, na tena tangu 1980 hadi 1984, jumla karibu miaka 16. Alipendwa na mamilioni na kuchukiwa na mamilioni, na hata leo Wahindi hawajakubaliana juu yake.

Kwa mtu aliyekabidhiwa silaha na serikali yake, maisha ya mama huyu yana jambo la pekee. Jeshi la India ndilo lililompatia ushindi mkubwa kupita wote alioupata. Polisi wa India ndio waliotumwa usiku kuwakamata wapinzani wake. Na askari polisi wawili wa ulinzi wake ndio waliomwua. Kwa hiyo kuyasoma maisha yake ni kusoma pia habari za kiongozi na askari wake: jinsi imani baina yao inavyojengwa, na jinsi inavyobomoka.

UTOTO WAKE

Indira alizaliwa tarehe 19 Novemba 1917 katika mji wa Allahabad, kaskazini mwa India, mji ambao tangu mwaka 2018 umeitwa Prayagraj. Babu yake, Motilal Nehru, alikuwa mwanasheria tajiri. Baba yake, Jawaharlal Nehru, naye alisoma sheria Uingereza akarudi nyumbani. Wakati huo India ilikuwa chini ya Waingereza. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miaka michache tu, jamaa zake walijiunga na Mahatma Gandhi katika kupigania uhuru kwa njia ya amani. Walizichoma moto nguo zao za Kizungu wakavaa kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mikono nchini mwao. Inasimuliwa kuwa Indira naye alimchoma moto mwanasesere wake kwa sababu alikuwa ametengenezwa ng'ambo.

Polisi hawakuwa wageni katika nyumba ile. Mara walikuja kumkamata baba, mara babu, mara kuchukua vyombo vya nyumbani kufidia faini ambazo Wanehru walikataa kuzilipa. Jawaharlal Nehru alifungwa mara nyingi, na jumla ya muda aliokaa kifungoni ilikaribia miaka 9. Mwaka 1930, Indira akiwa hajatimiza hata miaka 13, aliwakusanya watoto wenzake katika kundi lililoitwa Jeshi la Nyani, kwa kukumbuka nyani waliomsaidia Rama katika hadithi za kale za Kihindi. Kazi yao ilikuwa kupeleka habari kwa siri, kushona bendera na kuwasaidia watu wazima ambao nyendo zao zilikuwa zikichunguzwa na polisi.

Utoto wake ulikuwa wa upweke. Baba akiwa gerezani alimwandikia barua nyingi za kumfunza historia ya dunia, na barua hizo zilichapishwa baadaye kuwa kitabu mashuhuri. Mama yake, Kamala, aliugua kifua kikuu akafariki Uswisi tarehe 28 Februari 1936, Indira akiwa na miaka 18. Alisoma kwa muda katika chuo cha mshairi Rabindranath Tagore huko Santiniketan, kisha akaenda Oxford, Uingereza, lakini kwa ajili ya afya yake mbovu na vita vya dunia hakupata shahada.

Mwezi Machi 1942 aliolewa na Feroze Gandhi, kijana wa jamii ya Waparsi ambaye hakuwa na udugu wowote na Mahatma Gandhi. Majina yao tu ndiyo yaliyofanana. Mwezi Septemba mwaka huo huo Waingereza waliwakamata wote wawili. Indira alikaa gerezani Naini kwa muda wa miezi 8. Baada ya kutoka alizaa wana wawili, Rajiv mwaka 1944 na Sanjay mwaka 1946.

KUINGIA MADARAKANI

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, na Nehru akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Kwa kuwa alikuwa mjane, binti yake ndiye aliyekuwa mwenyeji wa nyumba yake, akiwapokea wageni wa serikali na kusafiri pamoja na baba yake katika nchi nyingi. Huko alijifunza kazi ya kutawala kama mwanafunzi wa fundi ajifunzavyo, kwa kutazama. Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Congress. Mumewe, ambaye alikuwa mbunge, alifariki mwaka 1960.

Nehru alifariki tarehe 27 Mei 1964. Aliyemfuata, Lal Bahadur Shastri, alimpa Bibi Gandhi uwaziri wa habari na utangazaji. Shastri naye alifariki ghafula mjini Tashkent tarehe 11 Januari 1966, saa chache baada ya kutia sahihi mapatano ya amani na Pakistan. Wazee wa chama walitafuta mtu wa kumzuia Morarji Desai, mwanasiasa mwenye msimamo mkali. Wakamwona Bibi Gandhi anafaa: ana jina la baba yake, na wao walidhani wataweza kumwongoza watakavyo. Wabunge wa Congress walipiga kura, naye akapata 355 dhidi ya 169 za Desai. Tarehe 24 Januari 1966 aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, akiwa mwanamke wa pili duniani kuushika wadhifa huo, baada ya Bibi Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon.

Wengi walimdharau mwanzoni. Alikuwa na haya, na sauti yake bungeni ilikuwa ndogo, hata wapinzani wakamfananisha na sanamu ya kuchezea isiyosema. Tena aliingia wakati mgumu. Ukame wa miaka ya 1965 na 1966 uliiletea nchi njaa, na India ikategemea ngano ya Marekani. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiitoa ngano hiyo kidogo kidogo, kwa kuwa India ilikuwa ikivilaumu vita vya Vietnam. Fedheha hiyo ilimchoma sana Bibi Gandhi. Akaunga mkono kwa nguvu mpango wa mbegu mpya za ngano, mbolea na visima vya kumwagilia mashamba. Mavuno ya ngano, yaliyokuwa tani milioni 12 hivi katika msimu wa 1964 na 1965, yalifika karibu tani milioni 20 katika msimu wa 1969 na 1970. Jimbo lililoongoza katika mageuzi hayo lilikuwa Punjab, nchi ya wakulima na wanajeshi wa dini ya Sikh, watu ambao sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuwaita Masingasinga.

Wazee wa chama waligundua upesi kwamba walikuwa wamekosea. Mwezi Julai 1969 Bibi Gandhi aliyataifisha mabenki makubwa 14. Chama kilipasuka mwaka huo huo, lakini yeye akabaki na wabunge wengi. Katika uchaguzi wa Machi 1971 aliwaendea wananchi kwa ahadi ya kuuondoa umaskini, akapata viti 352 kati ya 518. Tangu siku hiyo hakuna aliyemdharau tena.

VITA VYA MWAKA 1971

Ushindi huo haukutimiza mwezi kabla ya mtihani mkubwa kutokea. Wakati huo Pakistan ilikuwa na sehemu mbili, Magharibi na Mashariki, zikitenganishwa na ardhi ya India yenye upana wa zaidi ya kilometa 1,500. Chama cha Wabengali wa Mashariki kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Desemba 1970, lakini watawala wa kijeshi wa Pakistan hawakutaka kukikabidhi madaraka. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi lao lilianza kuwaua watu mjini Dacca. Wakimbizi walivuka mpaka kuingia India siku hadi siku, mpaka hesabu yao ikafika kama milioni 10.

Mawaziri wengi walitaka jeshi liingie Pakistan ya Mashariki mara moja. Bibi Gandhi alimwita mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Sam Manekshaw, mbele ya baraza lake mwezi Aprili. Kwa masimulizi ya jenerali mwenyewe, alimweleza Waziri Mkuu bila kuficha kwamba jeshi halikuwa tayari. Vikosi vilikuwa vimetawanyika mbali. Mvua za masika ya Bengali zilikaribia, na mito ya huko ikifurika huwa kama bahari. Reli zilihitajika kusafirisha mavuno. Na njia za milima ya Himalaya zilikuwa wazi, kwa hiyo China, rafiki wa Pakistan, ingeweza kuingia vitani, hali wakati wa baridi theluji ingezifunga. Alisema kuwa akilazimishwa atapigana, lakini atashindwa, naye alikuwa tayari kujiuzulu. Bibi Gandhi hakukubali ajiuzulu. Alimpa muda aliouomba.

Hapa yafaa tutue kidogo. Ofisa aliyesema kweli asiyoipenda mkubwa wake, na mkubwa aliyeikubali kweli hiyo mbele ya mawaziri wenye hamaki, ndio waliouandaa ushindi wa Desemba. Katika miezi minane iliyofuata kila mmoja alifanya kazi yake. Jeshi lilijenga barabara, likakusanya akiba na kuwafunza wapiganaji wa Kibengali. Waziri Mkuu naye alifanya mkataba wa urafiki na Urusi, uliotiwa sahihi tarehe 9 Agosti 1971, kisha akazunguka Ulaya na Marekani kueleza taabu ya wakimbizi.

Jioni ya tarehe 3 Desemba 1971 ndege za Pakistan zilivishambulia viwanja vya ndege vya India upande wa magharibi. Vita vilidumu siku 13 tu. Majeshi ya India hayakupoteza wakati kuizingira kila ngome, bali yaliipita miji iliyokuwa imeimarishwa na kusonga mbele kuelekea Dacca. Tarehe 16 Desemba Luteni Jenerali Niazi wa Pakistan alisalimu amri, na watu kama 93,000, wengi wao wanajeshi, wakawa mateka. Nchi mpya ya Bangladesh ikazaliwa. Manekshaw alikuwa Mparsi. Luteni Jenerali Aurora, aliyepokea hati ya kusalimu amri, alikuwa Msikh. Mkuu wa maofisa wake, Meja Jenerali Jacob, alikuwa Myahudi. Jeshi la watu wa dini mbalimbali lilitenda kazi kama mwili mmoja.

Mara baada ya Dacca kuanguka, Bibi Gandhi aliamuru mapigano yasitishwe upande wa magharibi pia, ingawa wapo waliotaka aendelee. Mwezi Julai 1972 alipatana na Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan katika mji wa Simla, na baadaye mateka wote wakarudishwa makwao. Sifa zake zilifika kilele. Mwaka 1973 Manekshaw alipandishwa cheo akawa Mwanajeshi Mkuu wa daraja la Field Marshal, wa kwanza katika India huru.

HALI YA HATARI

Lakini sifa ni kitu cha kupita. Bei ya mafuta ilipanda, mvua zikakosekana, wafanyakazi wa reli wakagoma mwaka 1974, na malalamiko juu ya rushwa yakaenea. Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na Raj Narain, mtu aliyeshindwa na Bibi Gandhi katika jimbo la Rae Bareli mwaka 1971. Jaji Sinha aliona kuwa maofisa wa serikali walitumiwa katika kampeni yake, wakajenga majukwaa ya mikutano na kuweka umeme, na kwamba msaidizi wake mmoja alimfanyia kampeni kabla hajaacha rasmi utumishi wa serikali. Makosa hayo yalionekana madogo kwa watu wengi. Hata hivyo sheria haikuyaona madogo, nayo ilimnyima kiti na kumzuia kugombea kwa miaka 6. Mahakama ya Juu ilimruhusu abaki Waziri Mkuu kwa masharti wakati rufani ikingojewa.

Tarehe 25 Juni mzee Jayaprakash Narayan, mpigania uhuru aliyeheshimiwa sana, alihutubia umati mkubwa mjini Delhi. Katika hotuba hiyo aliwataka polisi na wanajeshi wasitii amri zilizo kinyume cha sheria. Serikali ilisema huo ni uchochezi wa maasi, ikaufanya kuwa mojawapo ya sababu zake. Usiku ule ule Rais Fakhruddin Ali Ahmed alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Umeme ulikatwa katika mitambo ya magazeti mengi ya Delhi, na kabla ya mapambazuko polisi walikuwa wameshagonga milango ya viongozi wa upinzani, Narayan na Desai wakiwamo. Baraza la mawaziri lilijulishwa asubuhi, mambo yakiwa yamekwisha.

Hali hiyo ilidumu miezi 21. Watu zaidi ya 100,000 walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapishwa. Sanjay Gandhi, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, alitoa amri zikafuatwa. Katika mwaka mmoja wa fedha, 1976 hadi 1977, watu zaidi ya milioni 8 walifanyiwa upasuaji wa kuzuia uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa. Vitongoji vya maskini vilibomolewa, na huko Turkman Gate, Delhi, mwezi Aprili 1976 polisi waliwafyatulia risasi wakazi waliopinga kubomolewa nyumba zao.

Baadaye tume ya Jaji Shah ilipochunguza mambo hayo, iliona kuwa maofisa wengi walitia sahihi hati za kuwakamata watu bila kuwa na sababu zilizoandikwa, kwa kuwa tu waliambiwa kwa mdomo wafanye hivyo. Waliowaamuru hawakuacha karatasi. Jina lililobaki katika faili lilikuwa la ofisa aliyetii. Ni jambo la kufikiriwa na kila mtumishi mwenye kalamu au bunduki mkononi.

KUSHINDWA NA KURUDI

Mwezi Januari 1977 Bibi Gandhi aliishangaza dunia kwa kutangaza uchaguzi. Mwezi Machi wananchi walimwangusha, yeye na mwanawe, na huko Rae Bareli aliyemshinda alikuwa Raj Narain yule yule. Hapo alifanya jambo linalostahili kuandikwa upande wa sifa zake: alikubali matokeo, akaiondoa hali ya hatari na kuacha madaraka. Jeshi lilibaki kambini, na hakuna ofisa aliyetoka kumwokoa wala kumpindua. Desai, aliyekuwa mfungwa wake, akawa Waziri Mkuu.

Serikali mpya iliunda tume ya kitaifa ya polisi, ambayo ilipendekeza askari wakingwe na amri za wanasiasa. Mapendekezo yake mengi yalikaa makabatini, hata ikabidi Mahakama ya Juu iamuru mageuzi ya namna hiyo mwaka 2006. Serikali hiyo pia ilimwandama Bibi Gandhi bila busara. Ilimkamata Oktoba 1977, hakimu akamwachia siku ya pili kwa kukosa ushahidi. Desemba 1978 bunge lilimfukuza na kumtia gerezani Tihar kwa wiki moja. Kila pigo lilimrudishia huruma ya watu. Mwezi Agosti 1977 alikuwa amekwenda katika kijiji cha Belchi, jimbo la Bihar, kuwafariji watu wa tabaka la chini waliouawa ndugu zao. Njia ilikuwa imefurika maji, akavuka usiku akiwa amepanda tembo. Maskini hawakulisahau jambo hilo. Serikali ya Desai ilivunjika kwa magomvi yake yenyewe, na katika uchaguzi wa Januari 1980 Bibi Gandhi alirudi kwa kishindo.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Tarehe 23 Juni 1980 Sanjay alikufa katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe juu ya Delhi. Mama alimwita Rajiv, rubani wa ndege za abiria ambaye hakupenda siasa, awe msaidizi wake. Katika mambo ya nje jina lake lilizidi kukua. Mwezi Agosti 1981 alihutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, na mwezi Machi 1983 akawa mwenyekiti wa nchi zisizofungamana na upande wowote, zilipokutana Delhi.

MOTO WA PUNJAB

Wakati huo Punjab ilikuwa ikiwaka. Mhubiri mmoja wa Kisikh, Jarnail Singh Bhindranwale, alikusanya wafuasi wenye silaha. Wanasiasa wa Congress walikuwa wamemsaidia mwanzoni ili awadhoofishe wapinzani wao katika jimbo hilo. Baadaye hakuna aliyeweza kumrudisha nyuma. Tarehe 25 Aprili 1983 ofisa mkubwa wa polisi, A. S. Atwal, yeye mwenyewe Msikh, aliuawa kwa risasi mlangoni pa Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar alipokuwa akitoka kusali. Maiti yake ililala pale kwa saa nzima na zaidi, na polisi waliokuwa karibu hawakuthubutu kuiondoa. Serikali haikuchukua hatua. Wafuasi wa Bhindranwale walijiimarisha ndani ya hekalu, wakijenga kuta za magunia ya mchanga.

Aliyewapangia ulinzi alikuwa Shabeg Singh, meja jenerali wa zamani, ambaye mwaka 1971 aliwafunza wapiganaji wa Kibengali kwa niaba ya India. Mwaka 1976 alifukuzwa jeshini kwa tuhuma za rushwa muda mfupi tu kabla ya kustaafu. Aliondoka na uchungu, na ujuzi wake akaupeleka upande wa pili.

Mwanzoni mwa Juni 1984 Bibi Gandhi aliamuru jeshi liingie. Siku zenyewe zilikuwa za ukumbusho wa mtakatifu mkubwa wa Wasikh, na hekalu lilijaa mahujaji. Kamanda wa mashambulizi, Meja Jenerali Brar, alikuwa naye wa jamii ya Wasikh. Usiku wa tarehe 5 Juni askari wa miguu walikutana na risasi za rashasha kutoka kila upande, wakaanguka wengi, mpaka vifaru vikaletwa. Jengo takatifu la Akal Takht liliharibiwa vibaya. Bhindranwale na Shabeg Singh waliuawa. Serikali ilitangaza kuwa askari 83 na watu wengine 493 walikufa. Wasikh wengi husema hesabu ya raia ilikuwa kubwa zaidi.

Habari zilipofika makambini, askari wa Kisikh katika vikosi kadhaa waliasi. Kundi kubwa lilikuwa la Ramgarh, Bihar, ambako wengi wao walikuwa kuruta. Walimwua brigedia aliyekuwa mkuu wa kambi, wakachukua magari kuelekea Amritsar, wakazuiwa njiani. Jeshi lililokuwa mwili mmoja mwaka 1971 likapata jeraha ambalo halijapata kuonekana katika India huru.

KIFO CHAKE

Wakuu wa usalama walishauri askari wa Kisikh waondolewe katika ulinzi wa Waziri Mkuu. Bibi Gandhi hakupendezwa na ushauri huo, naye hakutaka ionekane kwamba kiongozi wa India anawapima askari wake kwa dini zao. Askari hao walirudishwa kazini.

Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba 1984, baada ya saa tatu, alitoka nyumbani kwake, namba 1 ya barabara ya Safdarjung, kwa miguu kwenda ofisi iliyokuwa jirani, ambako mwigizaji Peter Ustinov alimngojea kwa mahojiano ya filamu. Hakuvaa fulana ya kuzuia risasi. Alipolikaribia lango dogo la bustani, mkaguzi msaidizi wa polisi Beant Singh, aliyemlinda kwa miaka, alimpiga kwa bastola. Konstebo Satwant Singh akammiminia risasi za bunduki ya Sten. Kisha wote wawili wakatupa silaha zao chini. Beant Singh aliuawa na walinzi wengine muda mfupi baadaye, naye Satwant alijeruhiwa, akahukumiwa, akanyongwa tarehe 6 Januari 1989. Bibi Gandhi alikimbizwa hospitali kwa motokaa ya kawaida, mkwewe Sonia akiwa naye, lakini hakupona. Alikuwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 67.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini msiba haukuishia hapo. Rajiv aliapishwa siku ile ile, na kwa siku kadhaa makundi ya wahuni mjini Delhi yaliwawinda Wasikh wasio na hatia, yakawachoma moto majumbani na barabarani. Hesabu ya serikali kwa Delhi peke yake ni watu 2,733. Mahali pengi polisi walitazama tu, na mahali pengine waliwanyang'anya Wasikh silaha za kujihami. Jeshi lilichelewa kuitwa. Mwezi Agosti 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh, Msikh wa kwanza kuushika wadhifa huo, aliomba radhi bungeni kwa ajili ya maovu hayo. Mwaka 1985 kiliundwa kikosi maalumu cha kuwalinda mawaziri wakuu. Jenerali Vaidya, aliyekuwa mkuu wa jeshi wakati wa shambulio la Amritsar, aliuawa mwaka 1986, na Rajiv mwenyewe aliuawa kwa bomu tarehe 21 Mei 1991.

Ndivyo yalivyokuwa maisha ya Bibi Indira Gandhi. Aliikuta nchi ikiomba ngano akaiacha ikijilisha. Alishinda vita kwa kumsikiliza jenerali wake, akashindwa katika amani kwa kutowasikiliza wananchi. Alipozitumia nguvu za dola kwa ajili ya kiti chake, ziliharibika mikononi mwake. Na moto ulioachwa uwake Punjab ulikuja kuzimwa kwa vifaru, kwa gharama asiyoikadiria. Hata hivyo neno lake la mwisho kuhusu walinzi wake lilikuwa neno la imani. Beant Singh na Satwant Singh walikuwa na uchungu wa hekalu lao, na uchungu huo ulikuwa wa kweli. Lakini silaha walizokuwa nazo hazikuwa zao, walipewa kwa kiapo. Walipozigeuza, maelfu ya ndugu zao ndio waliolipa, mikononi mwa wahuni na mbele ya askari wengine waliosahau kwamba kiapo chao kilikuwa kile kile.